Risasi Zilizokuwa Zikishuka: Kisa cha Bastola ya Upepo ya Mtumba

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilitokea Dar es Salaam, katika kundi dogo la kulenga shabaha ambalo mimi ni mmoja wa walimu wake. Mwenye bastola ni mwanamke kijana anayefanya kazi maabara ya hospitali. Ameridhia kisa chake kiandikwe, na amesoma kila aya kabla haijatoka. Nimeondoa majina, tarehe kamili, mahali ulipo uwanja, na aina ya bastola yenyewe. Yeye nitamwita mlengaji, na aliyemuuzia nitamwita mzee. Maamuzi mengi yaliyokosewa humu ni yangu, na nimeyaweka kama yalivyokuwa ili walimu wenzangu wasipoteze wiki saba kama nilivyompotezea binti wa watu.

Usuli

Kwa wasioujua mchezo: bastola ya upepo ya mashindano hupiga kidonge cha risasi chenye kipenyo cha milimita 4.5, kichwa bapa, ili kitoboe karatasi tundu safi la mviringo. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha na kushika bastola kwa mkono mmoja. Kiini cha pointi 10 kina upana wa milimita 11.5, yaani ni kama kitufe cha shati. Duara jeusi lote ni milimita 59.5. Kila pete ina upana wa milimita 8, kwa hiyo kosa la nusu sentimita linaonekana kwenye hesabu. Mashindano kamili ni risasi 60, na anayepiga kwenye karatasi hupewa dakika 90. Mchezo huu umo kwenye Olimpiki tangu Seoul 1988, kwa wanaume na wanawake, na wengi hapa nyumbani waliufahamu mwaka 2024 pale picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mmoja mfukoni, ilipozunguka kwenye simu za kila mtu.

Uwanja wetu ni chumba kirefu cha ghala la zamani, bati juu, feni mbili. Karatasi za shabaha tunachapisha wenyewe kwenye manila. Za kwanza tulichapishiwa dukani kwenye karatasi nyembamba, zikachanika badala ya kutoboka, na mashine ikawa imepunguza mchoro bila mtu kuiambia. Tulipoweka rula, duara jeusi lilikuwa milimita 57. Tangu siku hiyo hakuna rundo la karatasi linaloingia uwanjani kabla halijapimwa.

Mlengaji alikuwa amefundishwa kwa bastola ya kundi kwa muda wa miezi minane, akifikia wastani wa pointi 510 kati ya 600. Bastola ile ilikuwa ikigombaniwa na watu watano, naye alitaka ya kwake. Mpya kutoka Ulaya ilikuwa nje kabisa ya uwezo wake, ikabaki mtumba.

Ununuzi: bastola mbili mezani

Zilipatikana mbili hapa hapa mjini, na tofauti yake ndiyo iliyoamua.

Ya kwanza ilikuwa ya mtungi wa hewa, ya kisasa zaidi, mpini mzuri, na bei yake ilikuwa chini ya tulivyotarajia. Mtungi mdogo ulio chini ya mtutu hujazwa hewa hadi mgandamizo wa bar 200, na kirekebisha mgandamizo kilichomo ndani hutoa kipimo kilekile kwa kila risasi. Nikaugeuza mtungi kutafuta mwaka uliogongwa. Watengenezaji wa bastola hizi huipa mitungi yao miaka 10 ya matumizi, na huu ulikuwa umeshapitiliza. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinamtaka mlengaji mwenyewe awajibike kwamba mtungi wake uko ndani ya muda. Nikamuuliza muuzaji anajaza wapi. Akajibu kwamba kwa fundi wa gesi anayechomelea vyuma, "hewa ni hewa."

Hapo mazungumzo yaliishia. Mtungi wa fundi gesi una oksijeni. Oksijeni iliyogandamizwa ikikutana na tone la mafuta au grisi ndani ya vali huwaka na kulipuka, tena mkononi mwa mtu, karibu na uso wake. Anayetaka kutumia bastola ya mtungi mjini hapa afuate hewa ya wazamiaji, ambayo imechujwa na kukaushwa, akiwa na adapta ya kuunganishia, au anunue pampu ya mkono yenye chujio la unyevu. Na asiiache kwenye gari lililopaki juani. Bar 200 zilizojazwa kwenye nyuzi 25 huwa kama bar 223 mtungi ukifika nyuzi 60, na ndani ya buti la gari mchana wa Januari hilo si jambo la ajabu.

Ya pili ilikuwa ya mzee, mlengaji wa siku nyingi anayeishi karibu na bahari. Hii haina mtungi. Unafungua wenzo ulio ubavuni na kuurudisha mara moja, hewa inagandamizwa ndani ya chemba, unaweka kidonge, unapiga. Kila risasi inapampiwa peke yake. Watu wa mchezo huu wanawajua ndugu zake: Walther LP3 ya zamani, IZH-46M ya Urusi. Ni bastola za taratibu lakini hazidai kitu kingine zaidi ya mkono wako, na sili zake zinabadilishika. Kwa mji ambao kujaza mtungi ni safari, niliona hii ndiyo inayomfaa, na bado naona hivyo.

Tulikwenda kuiona Jumapili. Baada ya shikamoo na chai, mzee aliipeleka uani kwake, ambako ana ukuta wa mchanga, akapampu akapiga, akapampu akapiga, akapampu akapiga. Matundu matatu yakagusana. Mlengaji naye akapiga matano, yote ndani ya jeusi, huku mzee akimsifia msimamo. Mtutu ulikuwa safi, vilengeo havichezi, hakuna kutu isipokuwa doa dogo kwenye skrubu ya wenzo. Nikasema ichukuliwe. Kwenye jaribio lile kulikuwa na kitu ambacho hatukukifanya, nami sikukiona mpaka wiki saba baadaye.

Malipo hayakufanyika siku ile. Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na tuliamua tangu mwanzo kuichukulia bastola hii kama silaha kamili, si kama chombo cha michezo kinachoweza kupita kwenye mkoba. Mlengaji alianza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wake, kisha yeye na mzee wakaenda polisi pamoja, bastola ikiwa bado kwa mzee. Ilichukua muda, na ndugu zake wawili walimwambia anajitafutia usumbufu. Pesa ilitoka mkononi karatasi zilipokamilika. Aliamua pia kwamba bastola italala kwenye sefu ya uwanja na si nyumbani kwake, maana anaishi nyumba ya kupanga, mlango mmoja na familia tatu. Nyumbani hufanya mazoezi ya kuinua mkono kwa chupa ya maji ya lita moja. Nilikuwa nimewaza kumchongea bastola ya mbao yenye uzito sawa. Akanikatalia: "Mwalimu, jirani akiniona dirishani na kitu kama hicho, nitamwelezaje?" Alikuwa sahihi.

Wiki saba za kushuka

Mfululizo wa kwanza wa risasi 60 ulimpa 504. Nikasema ni ugeni wa chombo. Wiki ya pili 499. Wiki ya tatu 496.

Karatasi zake zilikuwa na sura moja. Kundi la matundu lilikaa katikati, zuri kuliko alilokuwa akilipata kwa bastola ya kundi, halafu chini yake, penye namba 6 ya uso wa saa, palikuwa na mkia wa matundu: 8, 7, wakati mwingine 6. Hayakuwa kushoto wala kulia. Yalishuka tu.

Kila mwalimu wa bastola anaijua picha hiyo, au anadhani anaijua. Mkono unapochoka unashuka. Mlengaji akishikilia muda mrefu akitafuta ukamilifu, jicho linachoka, bega linalegea, na triga inavutwa wakati mtutu unaelekea chini. Nilimtazama, nikaona kweli anachelewa: risasi alizopiga ndani ya sekunde sita au saba baada ya kuinua zilikuwa nzuri, na zile alizozishikilia zilianguka. Ushahidi ulikuwa mbele yangu. Nikampa dawa ambayo mwalimu yeyote angempa: ukifika sekunde kumi hujapiga, usilazimishe. Shusha mkono, weka bastola mezani, pumua, inua upya.

Akatii, ni mtu wa nidhamu. Wiki ya nne akapata 488.

Sasa nikaingilia mpini. Ulikuwa umechongwa kwa kiganja cha mwanaume, na kweli ulikuwa ukimpwaya. Tuliufungua, tukaupeleka Keko peke yake, bila bastola, kwa fundi seremala ambaye hutusaidia. Aliweka vipande vya mninga pembeni, akajaza mapengo kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapiga msasa huku mlengaji akishika na kuachia, akishika na kuachia, mpaka vidole vikajua pa kukaa. Alitushauri mpingo kwa uzuri wake, tukakataa kwa sababu ni mzito mno na ungeuvuta uzito wote kwenye kifundo cha mkono. Kibao cha chini kinachopokea ukingo wa kiganja tulikiacha kwenye pembe ya nyuzi 90, kama kanuni inavyotaka, bila kukikunja kuja juu.

Kazi ilikuwa nzuri. Lakini niliifanyia kazi dalili ambayo haikuhusiana nayo, tena nilibadilisha mpini na mazoezi ya mkono katika wiki hiyohiyo. Pointi zilipopanda hadi 497 sikujua ni kwa lipi, na ziliposhuka tena hadi 490 wiki iliyofuata sikujua ni kwa lipi vilevile.

Wiki ya sita mlengaji aliacha kuzungumza uwanjani. Alikuja, akapiga, akaosha mikono, akaondoka. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Labda huu si mchezo wangu." Hadi leo kauli hiyo ikinijia usiku hunikosesha raha. Bastola ilikuwa na kasoro, na mimi nilikuwa nimemfundisha kuamini kwamba kasoro ni yeye.

Sauti ya kikohozi

Jibu halikutoka kwangu. Tuna kijana anayekusanya karatasi na kuandika pointi, bado hajaanza kupiga. Jumamosi ya wiki ya saba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya kurushia, amegeukia pembeni, haangalii shabaha. Mlengaji akapiga. Kijana akasema, bila kuinua kichwa kwenye daftari, "Hiyo ni saba."

Ilikuwa saba. Nikamuuliza amejuaje. "Imekohoa," akasema. "Zile nzuri zinalia *ta*. Hizi za chini zinalia *puh*."

Tukanyamaza sote. Mlengaji akaangalia daftari lake mwenyewe. Yeye ni mtu wa maabara, na bila kuambiwa na mtu alikuwa ameanza kuandika kando ya kila risasi idadi ya mara alizoinua mkono kabla ya kupiga. Zile zilizopigwa kwa kuinua mara ya kwanza zilikuwa 9 na 10. Zilizopigwa kwa kuinua mara ya pili au ya tatu ndizo zilizofanya mkia. Na kila alipokuwa akishusha mkono kupumzika, kama nilivyomwagiza, bastola ilikaa mezani ikiwa tayari imepampiwa, mtutu ukielekea shabaha, hewa ikisubiri ndani ya chemba.

Isipokuwa hewa haikuwa ikisubiri. Ilikuwa ikitoka.

Jaribio

Tulijaza mchanga kwenye mifuko miwili ya unga wa ngano, tukailaza mezani, tukaikalisha bastola juu yake ili mkono wa mtu usiwe na kauli. Mimi nilipiga, mlengaji akashika saa ya simu. Risasi tano zilipigwa sekunde 5 baada ya kupampu, tano baada ya sekunde 30, tano baada ya dakika moja, tano baada ya dakika mbili. Vidonge vya kopo moja, hatukugusa kilengeo.

Za sekunde 5 zilikaa katikati. Za sekunde 30 zilishuka kama milimita 4. Za dakika moja zilishuka milimita 11. Za dakika mbili zilishuka milimita 30, yaani hadi ukingo wa jeusi, kwenye mstari wa 7, kutoka kwenye bastola iliyolala juu ya mchanga.

Ukitaka kuelewa ukubwa wa jambo hili, fanya hesabu ya kukadiria, ukiacha ukinzani wa hewa. Kidonge kinachotoka kwa mita 140 kwa sekunde huchukua kama sekunde 0.07 kufika mita 10, na katika muda huo mvuto wa dunia hukishusha milimita 25. Kilengeo kimeshafidia hizo 25. Sasa hewa ivuje, kasi ipungue hadi mita 117: safari inakuwa sekunde 0.085 na mshuko milimita 36. Tofauti ni milimita 11, ambayo ndiyo tuliyoipata kwa dakika moja. Milimita 11 peke yake hutoa risasi kutoka 10 hadi 9. Ongeza mtawanyiko wa kawaida wa mkono wa mwanafunzi, unapata zile 8 na 7.

Na hapa ndipo penye uchungu. Ushauri wangu wa "shusha, pumzika, inua upya" ni ushauri sahihi kwa bastola nzima. Kwa bastola inayovuja, kila pumziko lilikuwa linaongeza nusu dakika ya uvujaji. Kadiri alivyonitii ndivyo alivyoshuka.

Jaribio la uani kwa mzee nalo likaeleweka. Mzee ni mpigaji wa haraka, amezoea bastola yake kwa miaka, hupampu na kupiga kwa pumzi moja. Hakutuficha kitu. Nilipompigia simu alisikitika sana, akasema hakuwahi kuona mkia ule kwa sababu hakuwahi kuisubirisha. Sisi ndio tuliopaswa kuisubirisha.

Matengenezo, na kosa lingine

Mzee, kwa nia njema, alituambia tuweke tone la mafuta ya cherehani kwenye chemba. Niliweka. Uvujaji ulipungua kwa siku moja, na mafuta yakasukumwa mtutuni. Risasi thelathini zilizofuata zilitawanyika kila upande mpaka tulipousafisha mtutu kwa vipande vya sufi. Mafuta hayakuwa yameponya chochote, yalikuwa yameziba ufa kwa muda.

Bastola ilifunguliwa na fundi wa silaha mwenye leseni, mimi nikiwa pembeni yake. Hatukuipeleka mitaani, wala sishauri mtu afanye hivyo hata kama anamwamini fundi wake wa pampu. Oringi ya pistoni, ile pete ya mpira inayozuia hewa isivuje, ilitoka. Nilipoibonyeza kwa ukucha ilibaki na alama. Mpira mzima hurudi, huu ulikuwa umekakamaa, na upande mmoja ulikuwa umelika na kuwa bapa, unang'aa kama umepigwa pasi. Miaka mingi ya joto, unyevu na hewa ya chumvi hufanya hivyo, bila kosa la mtu.

Nikaibeba oringi peke yake kwenye bahasha hadi maduka ya sili, eneo la Gerezani. Muuzaji aliiangalia, akavuta droo, akatoa inayofanana. Niliweka moja juu ya nyingine, macho yangu hayakuona tofauti, nikalipa. Haikufika shilingi elfu moja. Fundi akaifunga. Wenzo ukawa mgumu kiasi kwamba mlengaji alilazimika kuuegemea kwa mwili, na baada ya risasi kama arobaini uvujaji ulirudi, mbaya kuliko mwanzo. Tulipofungua, oringi ilikuwa imemegeka kipande.

Safari hii nilichukua kalipa, kifaa cha kupimia unene na kipenyo. Kipenyo cha ndani kilikuwa sawasawa. Unene wa ile ya zamani, sehemu ambayo haijalika, ulikuwa milimita 2.5. Niliyoinunua ilikuwa 2.62. Zipo oringi za vipimo vya inchi na za vipimo vya milimita, na dukani hukaa droo jirani. Hizo sehemu kumi na mbili kati ya mia za milimita moja ndizo zilizokuwa zikimegwa kila pistoni ilipopita kwenye tundu la kuingizia hewa. Nikarudi Gerezani na namba badala ya macho, nikaomba na mpira mgumu zaidi, wa kipimo cha 90 badala ya 70 ya kawaida. Nikanunua nne. Hadi leo tatu ziko ndani ya kopo la vidonge tupu, kwenye sefu.

Kwa kuwa bastola ilikuwa mezani tukapima na triga, jambo ambalo lilistahili kufanywa kabla ya kununua. Kanuni inataka triga ibebe gramu 500 bila kuachia. Hatuna uzito rasmi wa mashindano, tukaazima jiwe la nusu kilo kutoka kwa muuza duka la jirani, lenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, tukalining'iniza kwa kulabu mtutu ukiwa umeelekea juu na bastola haina kidonge. Triga iliachia kabla jiwe halijanyanyuka mezani. Ilikuwa nyepesi kuliko inavyoruhusiwa, maana yake ni kwamba siku yoyote ya mashindano angekataliwa kwenye ukaguzi, na pia kwamba mwanafunzi alikuwa akishika chombo kinachoweza kuachia kabla hajakusudia. Robo tatu ya mzunguko wa skrubu ikatosha.

Matokeo

Tulirudia jaribio la mchanga. Za sekunde 5 na za dakika moja ziliingia kundi moja. Za dakika mbili zilishuka milimita 3.

Mfululizo wa kwanza wa mlengaji baada ya hapo ulikuwa 519, wa pili 517, wa tatu 531. Ule mkia haukutoweka wote. Bado kuna siku anashikilia mno na risasi inashuka, na hiyo sasa ni yake, tunaifanyia kazi kwa njia ileile niliyoanza nayo. Tofauti ni kwamba kijana wetu akisikia *ta* na karatasi inasema 7, tunajua ni mkono.

Uchambuzi

Uamuzi wa kuchagua bastola ya kupampu mara moja ulikuwa sahihi, na kasoro iliyotokea haiubatilishi. Sili ni kitu cha kuisha. Bastola ile nyingine ingetuingiza kwenye kununua mtungi nje na kutafuta hewa kila mara, na kama mlengaji angekuwa peke yake angeweza kumwamini yule wa "hewa ni hewa." Kwa wanaouliza kuhusu zile za zamani za gesi ya kaboni dioksidi, ambazo nazo huuzwa rahisi: mgandamizo wa gesi hiyo hufuata joto. Kwenye nyuzi 20 ni kama bar 57, kwenye nyuzi 30 ni kama 72, na ikivuka 31 gesi haikai tena kama kimiminika. Chumba chenye bati huku kwetu kinapita hapo saa nne asubuhi.

Kwenda polisi kabla ya kutoa pesa kulichelewesha ununuzi na kuliwachosha ndugu. Kulitupa kitu ambacho sikukitegemea: mzee na mlengaji walifahamiana vizuri katika kusubiri kule, na kasoro ilipotokea simu ilipokelewa kwa upole, hakuna aliyedhani ameibiwa.

Kosa kubwa lilikuwa la uchunguzi. Nilikuwa na dalili moja, risasi kushuka kila anapochelewa, na maelezo mawili yaliyotabiri dalili hiyohiyo: mkono uliochoka na hewa inayovuja. Nilichukua lile ninalolijua. Kila karatasi iliyofuata ilinithibitishia, kwa sababu isingeweza kufanya vingine. Mifuko miwili ya mchanga na dakika ishirini ndiyo iliyohitajika kutenganisha maelezo hayo, na mchanga ulikuwepo uwanjani tangu siku ya kwanza, nyuma ya shabaha. Sikuutumia kwa sababu sikuwa na shaka. Nafikiri hili huwapata zaidi walimu wenye uzoefu kuliko wageni, kwa kuwa mgeni angeuliza swali la kijinga na swali la kijinga lingetuokoa.

Mpini niliukosea wakati, si kazi. Ulihitaji kurekebishwa na leo unamkaa vizuri. Lakini ukibadilisha vitu viwili pamoja hujabadilisha kitu unachoweza kukisoma, na mbao iliyokwishapigwa msasa hairudi.

Daftari la mlengaji lilikuwa na jibu ndani yake kwa wiki tatu kabla ya mtu kulisoma. Mimi nilikuwa nikiandika pointi peke yake. Pointi hueleza risasi ilianguka wapi na hunyamaza kuhusu kilichotangulia. Sasa kila anayepiga bastola ya kupampu kwetu anaandika na idadi ya kuinua, na kanuni mpya ya meza ni kwamba ukishusha bastola iliyopampiwa zaidi ya mara moja, elekeza mtutu kwenye mtego wa risasi, piga kidonge hicho pembeni ya shabaha kama bado ni mazoezi, uanze upya.

Kuhusu mtumba kwa ujumla, ningemwomba anayekwenda kuiona bastola ya namna hii abebe vitu vinne: rula, jiwe la nusu kilo, kopo lake mwenyewe la vidonge, na saa. Apige tano za haraka kama muuzaji anavyopenda, kisha apampu, aweke bastola chini salama, ahesabu dakika nzima huku chai ikipoa, ndipo apige, na arudie hivyohivyo mpaka zitimie tano nyingine. Akimaliza aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu cha kula, maana vidonge ni madini ya risasi na sumu yake hukaa kwenye vidole. Nimeshaona mtu mzima akitoka kupakia vidonge akaingiza mkono moja kwa moja kwenye mfuko wa mihogo ya kukaanga.

Jaribio la mchanga sasa linafanyika kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tano za sekunde 5 na tano za dakika moja, na kijana wa madaftari ndiye anayelisimamia. Mara ya mwisho tofauti ilikuwa milimita 2. Aliandika namba hiyo, akaandika na pembeni yake: *zote zimelia ta*.